YAH: KOSA KATIKA KIKOKOTOO CHENU CHA UMBALI NA MUDA WA NDEGE, LONDON HADI NEW YORK

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilimpangia mama yangu safari ya ndege kutoka London hadi New York. Alisafiri peke yake. Ana ugonjwa wa baridi yabisi magotini na humeza dawa kila baada ya saa sita, kwa hiyo nilihitaji kujua jambo moja tu: atakaa kitini muda gani. Tiketi haikunisaidia. Ilisema ataondoka saa 4 asubuhi na kufika saa 7 mchana, kila saa ikiwa ni ya mji wake, na mimi saa za miji hunichanganya. Ndiyo sababu nalipia huduma yenu.

Kikokotoo chenu kilinipa saa 5 na dakika 22. Mama akameza kidonge alipoingia ndegeni, na pakiti yote nikawa nimeitia kwenye begi kubwa linalopakiwa chini. Safari ilichukua saa 8. Alipotua hakuweza kunyanyuka, akaletewa kiti cha magurudumu. Alinipigia simu akiwa kwenye kiti hicho: "Mwanangu, mbona hukuniambia ni mbali hivi?" Sikuwa na jibu.

Nimelitafuta jibu tangu siku hiyo. Ukurasa wenu unaandika umbali kuwa maili 2,999, kisha kilomita 4,826. Hizo 2,999 ni maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852. Ninyi mmezizidisha kwa 1.609, kipimo cha maili za nchi kavu. Umbali wenyewe ni kama kilomita 5,550. Mmepunguza zaidi ya kilomita 700, mkagawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, mkamwonyesha mteja jibu lenye dakika kamili kana kwamba limepimwa.

Hata mkisahihisha hapo mtapata saa 6 na dakika 10, na bado si kweli. Ndege hujivuta kwenye njia ya kurukia, hupanda taratibu, huzunguka kusubiri zamu ya kutua. Tena juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York hupambana nao, anayerudi London husukumwa nao. Februari 2020 ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56 kwa nguvu ya upepo huo. Kwenu, kwenda na kurudi ni muda uleule.

Naomba msahihishe vipimo, mwonyeshe muda wa kwenda na wa kurudi kila mmoja peke yake, na mwandike wazi kama ni muda wa kuwa angani tu au wa mlango hadi mlango. Naomba pia muwaandikie wateja waliotumia ukurasa huo, maana huenda yuko mwingine anayepanga dawa za mzazi wake kwa namba hizo hivi leo. Ada yangu ya mwezi huo mnirudishie.

Nimeambatisha picha ya ukurasa wenu na nakala ya tiketi. Mama anarudi baada ya wiki tatu, nahitaji jibu kabla ya hapo.

Wenu,
Mteja wa huduma ya kulipia