Maneno ya sarafu za kidijitali yafasiriwe, yasinukuliwe tu

Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia habari za sarafu za kidijitali katika kurasa za biashara za gazeti lako, na karibu kila mara nakutana na maneno ambayo mwandishi ameyaacha kama alivyoyasikia: hodl, FUD, rug pull, WAGMI. Huwekwa ndani ya alama za nukuu, kana kwamba alama hizo ni maelezo tosha. Kazi yangu ni ufasiri, na nimeletewa mara nyingi nyaraka na mazungumzo ya watu waliopoteza fedha zao wakitaka waelezwe, kwa Kiswahili, kile walichoambiwa kabla ya kuzitoa. Ombi langu ni kwamba gazeti liyafasiri maneno haya, kwa sababu mengi kati yake hayaelezi kitu chochote. Humwamuru anayeyasikia atende jambo fulani au aache kulitenda, na mtu asiyejua kwamba ameamriwa hawezi kukataa.

Nianze na yale yasiyo na madhara, ambayo si mengi ya kutuchelewesha. “Gesi” ni ada inayolipwa ili muamala uingizwe katika mtandao wa Ethereum, mmoja wa mitandao ya sarafu hizi, na hukadiriwa kwa kipimo kiitwacho gwei, ambacho ni sehemu moja ya bilioni ya etha, sarafu ya mtandao huo. Inafaa msomaji ajue kwamba muamala ukishindwa baada ya kuanza kutekelezwa, gesi iliyotumika hairudishwi. “Kuchimba” ni kazi ya kompyuta zinazoshindana kuongeza kurasa mpya katika daftari la pamoja la miamala, yaani blokicheni, na kulipwa kwa kazi hiyo. “Kupunguzwa nusu” ni tukio la kila kurasa 210,000, ambapo malipo ya wachimbaji wa Bitcoin, sarafu ya kwanza ya aina hii, hukatwa nusu, yakashuka kutoka bitcoin 50 mwaka 2009 hadi 3.125 tangu Aprili 2024. “Satoshi” ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin, na jina hilo linatokana na Satoshi Nakamoto, jina la mwandishi asiyejulikana aliyetangaza mfumo huo tarehe 31 Oktoba 2008. Haya ni maneno ya ufundi kama yalivyo ya baharia au fundi saa. Ukiyafasiri, umemaliza.

Kundi la pili ndilo linalonisumbua, na mzazi wake ni “hodl”. Tarehe 18 Desemba 2013, siku ambayo bei ya Bitcoin ilikuwa ikiporomoka, mtu mmoja aliyetumia jina la bandia aliandika mtandaoni kwamba yeye anashikilia sarafu zake, lakini herufi za “hold”, neno la Kiingereza lenye maana ya kushikilia, zikampotea mkononi, akaandika “hodl”. Ni kama mtu anayekusudia “nashikilia” akaandika “nashikiria”. Alikiri palepale kwamba alikuwa amekunywa, na kwamba hana ustadi wa kununua na kuuza kwa wakati unaofaa, ndiyo sababu akaona heri asiuze. Lilikuwa ungamo la kweli la mtu aliyejua mipaka yake. Wasomaji walilipenda kosa hilo wakalirudiarudia, na muda si mrefu wengine wakazitungia herufi zake nne maana mpya: shikilia kwa kuwa uhai wako umo humo. Naomba wasomaji wautazame mgeuko huo kwa makini. Uamuzi wa mtu mmoja kuhusu mali yake mwenyewe uligeuzwa kuwa amri kwa kila mtu, katika kila bei, kwa kila sarafu, hata zile ambazo hazikuwapo mwaka 2013 na ambazo watengenezaji wake walikwisha kuziuza zamani.

Kutoka hapo zikazaliwa “mikono ya almasi”, yaani mikono ya asiyeuza hata bei ikianguka, na “mikono ya karatasi”, ya anayeuza kwa hofu. Kiswahili nacho huipima tabia ya mtu kwa mkono wake: mwizi ana mkono mrefu, na bahili ana mkono wa birika. Lakini misemo yetu humlaumu mtu kwa kuchukua cha mwenzake au kumnyima, ilhali huu wa karatasi humlaumu kwa kuuza kilicho chake. Mtu aliyenunua kwa akiba ya miaka, akaona bei inashuka, akataka kuokoa kilichobaki, huambiwa kwamba ana mikono ya karatasi, naye huona aibu, huacha, na kesho yake hakuna cha kuokoa. Nimelisoma jambo hili katika mazungumzo zaidi ya mamoja niliyoletewa kuyafasiri, na kila mara aliyetoa fedheha hiyo alikuwa mtu ambaye mwathirika hakumjua kwa sura wala kwa jina halisi.

“WAGMI” ni herufi za mwanzo za maneno yasemayo kwamba sisi sote tutafanikiwa. Huandikwa asubuhi kama salamu, na kwa mtu aliyeingia akiwa peke yake hufariji kweli, jambo ambalo silidharau. Hata hivyo, anayeuza sarafu kwa faida hulipwa na anayeinunua kwa bei ya juu zaidi, na ikiwa bei haitapanda tena, huyo wa mwisho ndiye anayebaki na kile wanachokiita “begi”, yaani mzigo wa sarafu ambazo hakuna anayezitaka. Kiwakilishi “sisi” kinamfunika mnunuzi wa mwisho pamoja na “nyangumi”, yule mwenye sarafu nyingi kiasi kwamba akiuza, bei nzima huyumba. Wawili hao hawana maslahi mamoja, na tafsiri nzuri ingepaswa kulisema hilo waziwazi.

Neno ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote ni “FUD”, na ndilo ambalo waandishi wako hulitumia kwa wepesi zaidi. Ni ufupisho wa maneno matatu: hofu, mashaka na wasiwasi. Halikuzaliwa katika sarafu za kidijitali. Katika miaka ya 1970, Gene Amdahl, mhandisi aliyeiacha kampuni ya kompyuta ya IBM na kuanzisha yake, alilitumia kueleza namna wauzaji wa IBM walivyowatia wateja hofu ili wasinunue mashine za washindani. Wakati huo, basi, lilikuwa neno la mdogo dhidi ya mkubwa, likimfichua mwenye nguvu anayewatisha wanunuzi. Katika makundi ya sarafu limegeuzwa kichwa chini: mwenye mradi hulitumia dhidi ya mteja anayeuliza, na mteja anayeuliza fedha ziko wapi huambiwa kwamba anaeneza FUD. Swali halijibiwi tena. Muulizaji ndiye anayeshughulikiwa.

Mifano ya jambo hili iko wazi katika kumbukumbu za umma. Julai 2021 mchambuzi mmoja wa fedha wa Uingereza alihoji kama sarafu ya mradi wa Terra, ambayo thamani yake ilidaiwa kubaki dola moja daima, ingeweza kweli kujishikilia siku ambayo watu wangekimbilia kuiuza. Mwanzilishi wa mradi huo, Do Kwon, alimjibu hadharani kwamba yeye hajadiliani na maskini kwenye Twitter. Wafuasi wa Luna, sarafu dada iliyokusudiwa kuishikilia ile ya dola moja, walijiita “lunatics”, neno la Kiingereza lenye maana ya wendawazimu, kwa kuwa jina la sarafu yao limo ndani yake. Mwanzoni mwa Mei 2022 Luna moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 80. Kabla mwezi haujafika nusu ilikuwa imeshuka hadi sehemu ndogo ya senti, kwa sababu ileile iliyoulizwa: watu walikimbilia kuiuza sarafu ya dola moja, nayo haikujishikilia. Agosti 2025 Do Kwon alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama ya Marekani mjini New York. Novemba 2022, kiongozi wa FTX, soko la mtandaoni la sarafu hizi, Sam Bankman-Fried, aliandika kwamba mshindani anaeneza uvumi wa uongo na kwamba mali za wateja ziko salama. Siku nne baadaye FTX iliomba kinga ya mufilisi, na mwaka 2024 yeye mwenyewe alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Mambo yalifika mahali ambapo hata tarakimu ilitosha. Januari 2023 Changpeng Zhao, aliyekuwa mkuu wa Binance, soko jingine la namna hiyo, aliorodhesha mambo ya kuzingatia mwaka huo, na la nne lilikuwa kupuuza FUD. Machi, tume ya Marekani inayosimamia biashara ya bidhaa za baadaye ilipoifungulia kampuni hiyo kesi, aliandika “4” tu. Wafuasi wake walielewa mara moja. Mtu wa nje hakuona kitu. Novemba ya mwaka huohuo alikiri kukiuka sheria ya Marekani ya kuzuia utakatishaji wa fedha, ingawa Oktoba 2025 alisamehewa na rais wa nchi hiyo. Mwandishi anayenakili tarakimu kama hiyo bila kuifasiri anakuwa amepeleka ujumbe wa mtu mwingine bila kujua umebeba nini.

Sidai kwamba misimu yote ya watu hawa ni mibaya. Miongoni mwake yamo maonyo ambayo yangeokoa wengi laiti yangefasiriwa mapema. Msemo wao kwamba funguo zisipokuwa zako, sarafu nazo si zako, una maana ya moja kwa moja: anayeshika ufunguo wa siri ndiye anayeweza kuzihamisha, na wewe uliyeziacha katika soko la mtandaoni una ahadi tu. Wateja wa soko la Mt. Gox waliujua ukweli huo Februari 2014, lilipoanguka na kutangaza kwamba bitcoin takriban 850,000 hazionekani. “Rug pull” nayo ina tafsiri ambayo mtoto angeielewa, kuvutiwa mkeka ulio chini ya miguu yako: waanzilishi huitangaza sarafu, watu huinunua, kisha waanzilishi huondoa fedha halisi zote na kutoweka. Tarehe 1 Novemba 2021 sarafu iliyojibebesha jina la tamthilia maarufu ya Korea Kusini ilipanda ikazidi dola 2,800, ikaanguka karibu na sifuri ndani ya dakika chache, na wengi walikuwa wamekwisha kugundua kwamba wangeweza kuinunua lakini si kuiuza. Neno “mkeka” lingemfikia msomaji haraka kuliko nukuu yoyote ya Kiingereza.

Naelewa ugumu wa chumba cha habari: muda ni mfupi, na mwandishi huogopa kwamba tafsiri yake itapotosha. Kwa hiyo sitaki kamusi nzima. Naomba kwanza kwamba kila neno la namna hii likitokea, lifuatwe na sentensi moja ya Kiswahili inayosema linamtaka msikilizaji afanye nini, na si herufi zake zinasimamia nini tu. Pili, mwenye mradi anapoliita swali FUD, gazeti lichapishe swali lenyewe kando ya maneno yake, liseme liliulizwa na nani na lini, na kama limejibiwa au la.

Wako,
Mfasiri na msomaji wa gazeti hili