Rupia ya Mjerumani ipimwe pande zote mbili

Mhariri,

Kwenye meza za wauza vitu vya kale hapa Arusha, rupia ya Mjerumani, sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni wake, hulazwa chali: Kaizari Wilhelm II na kofia yake yenye tai huangalia juu, na bei hutajwa kwa sura hiyo. Ukiigeuza ile ya kabla ya 1904, simba na mti wake wamebaki kivuli, lakini bei haishuki hata senti. Tunaomba kila upande upewe daraja lake la uchakavu, na yote mawili yaandikwe kwenye kikaratasi cha bei.

Utaratibu wa kuandika upo siku nyingi. Ukiona VF/F, herufi za kabla ya mkwaju ni za upande wa kichwa, zinazofuata ni za mgongo. F ni sarafu iliyolika pande kubwa lakini picha na maandishi yake yanasomeka yote; VF imelika kwenye vilele tu, yaani sehemu zilizoinuka zaidi, michoro mingi midogo ipo; EF mpaka uichunguze ndipo uone ilipoguswa. Anayetaka daraja moja tu achukue la upande ulio dhaifu, hasa pande zikipishana zaidi ya hatua moja. Kukadiria katikati, kwamba EF na F zikikutana zinazaa VF, ni kumfurahisha muuzaji.

Kabla ya daraja, pima uzito. Rupia nzima ya 1890 hadi 1914 ilitoka kiwandani na gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, upana milimita 30.5. Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha. Iliyolika kwa mzunguko wa kawaida hupungua kidogo kidogo. Ikipungua gramu nzima huku picha zikiwa kali, shuku ya kuyeyushwa na kumiminwa. Tazama ubavuni kama kuna mshono, na usoni kama kuna vitundu vidogo vya mapovu.

Kazi ngumu ni kutenganisha kulika na kupigwa dhaifu kiwandani, na hapo wengi hujikwaa. Kichwa kilichochimbwa kwa kina kwenye muhuri, yaani chuma chenye mchoro kinachopigia sarafu, hunywa madini mengi wakati wa kupigwa, kwa hiyo mahali palipo nyuma yake, upande wa pili, panaweza kukosa madini ya kujaza mchoro. Sarafu hiyo haijaguswa na mkono wa mtu, lakini katikati ya mgongo wake pamefifia. Washa taa moja tu, iwe pembeni, kisha inamisha sarafu taratibu huku ukiizungusha, ukitazama kwa lenzi inayokuza mara tano hadi kumi. Mng'ao wa kiwandani hukimbia kama ukanda juu ya uso. Ukipita juu ya pale palipofifia bila kukatika, pamepigwa dhaifu. Ukikatika na kuacha doa la kijivu, laini kama kokoto ya mtoni, pamelika. Anza na vilele: tai wa kofia, shavu na sharubu za Kaizari, kisha mwili wa simba. Sarafu iliyopoteza mng'ao wote haijibu mtihani huu; hapo linganisha mchoro huo na maandishi ya pembeni. Maandishi makali kando ya katikati iliyofifia huashiria muhuri, si mikono.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, iliyoanza 1921, hujisema yenyewe. Ina gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu mpaka zile za 1946. Ngozi yake ya juu ni nyeupe, na ikisagika rangi hugeuka manjano au kahawia kwenye bega la simba na kwenye nywele na ndevu za Mfalme George V wa Uingereza. Rangi hiyo ikiwa upande mmoja tu, huo ndio uliosuguliwa.

Kusuguliwa upande mmoja mara nyingi kuna sababu moja: sarafu ilivaliwa. Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye gramu 28.07, na rupia za Kihindi zilitumika sana kama vidani, na upande uliolalia kifua au nguo ulilika miaka yote huku wa nje ukipona. Usihangaike na daraja kwanza. Kagua ukingo juu ya kichwa, utafute lehemu ya kijivu, kovu la pete au tundu lililozibwa. Kwenye reale, maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka ubavuni yatakatika hapo. Sarafu ya namna hiyo iandikwe “ilikuwa kidani”, hata kama uso wake ni EF. Na mwaka 1780 ulio juu yake usiuzwe kama umri, maana imeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo hadi siku hizi.

Tukiwa hapo: majivu na ndimu, dawa ya meno, magadi, vyote viachwe jikoni. Weusi wa fedha ni ngozi tu. Mikwaruzo ya kuusugua huua mng'ao, na bila mng'ao mtihani wa taa hauna kazi. Vumbi litolewe kwa maji safi ya vuguvugu, kisha sarafu ikaushwe kwa kugusishwa kitambaa laini cha pamba, bila kufuta.

Wakusanya sarafu,
Arusha