Kabla hujaulizia kontena la mvinyo wa Dodoma

Sisi tunawapeleka wanunuzi na wageni kwenye mashamba na viwanda vidogo vya mvinyo hapa Dodoma, na simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Habari za kazi ndugu yangu, nataka kontena moja la mvinyo wa Dodoma, mtanipatia lini?" Anayepiga yuko Nairobi, au Kigali, na wakati mwingine ni Mtanzania anayeishi Ujerumani, aliyeonja chupa moja harusini alipokuja likizo na hajaisahau. Tunamkaribisha vizuri, halafu tunamuuliza swali ambalo wengi hawakulitarajia: unaweza kuja Agosti?

Tufanye hesabu kwanza. Kontena la futi 20, katoni zikipangwa bila vichanja vya mbao (pallets), hubeba chupa kama 12,000 za mililita 750. Hizo ni lita 9,000. Chupa moja inakula takriban kilo moja ya zabibu, mara nyingine na zaidi, kwa hiyo unaongelea tani 12 na ushee za zabibu nzuri, zilizovunwa msimu mmoja na kutoa ladha moja. Viwanda tunavyofanya navyo kazi ni vidogo kwelikweli. Ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, matenki matano au sita ya lita elfu moja, mashine ya kusaga zabibu, na mama anayebandika lebo kwa mkono huku redio inaongea. Hapo kontena halipo. Na ukimpata mtengenezaji wa namna hiyo akakujibu "lipo, lete hela", hapo ndipo uanze kuogopa, maana atakwenda kukusanya mchuzi kwa watu watatu wanne, auchanganye, na chupa ya kwanza haitafanana na ya elfu tano.

Mchuzi, kwa mgeni anayesoma, si wa kulia ugali. Huku kwetu "mchuzi wa zabibu" ni ule mvinyo ghafi ambao bado haujachujwa wala kutiwa kwenye chupa, unaouzwa kwa lita kwa wenye viwanda vikubwa. Ndiyo biashara kubwa ya zabibu Dodoma. Si haramu na si mbaya, ila ni biashara nyingine. Anayetaka mchuzi kwa maelfu ya lita hatuhitaji sisi. Sisi tunashughulika na chupa yenye jina la shamba.

Sasa kwa nini Agosti. Mizabibu ya Ulaya hulala wakati wa baridi, ikaamka yenyewe majira ya kuchipua. Dodoma hakuna baridi ya kuilaza. Mkulima ndiye anayeilaza: anaukatia maji, anaupogolea mpaka unabaki kama fimbo, halafu anaurudishia maji unaamka kwa hasira. Kutoka kupogolea hadi kuvuna ni takriban miezi minne. Ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, jambo ambalo wageni kutoka nchi za mvinyo hulisikiliza mara mbili kabla ya kuliamini.

Lakini mavuno hayo mawili si ndugu wa tumbo moja. Yale ya mwanzo wa mwaka yanakomaa huku mvua inanyesha, kwa hiyo ukungu na ubwiri vinasumbua, na tunda linabeba maji mengi. Ya Agosti yanakomaa kiangazi, jua kali mchana, ubaridi usiku (tupo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, njoo na sweta), na sukari inapanda. Sukari ndiyo kila kitu hapa. Kila gramu 17 hivi za sukari ndani ya lita moja ya juisi huzaa asilimia moja ya kilevi. Mvinyo mkavu wa asilimia 13 unataka juisi yenye gramu kama 220 kwa lita. Zabibu zikivunwa mapema kwa sababu mkulima ana ada ya shule ya kulipa, hakuna ufundi wa kiwandani utakaoirudisha sukari ambayo haikuwepo, isipokuwa kuimwaga ya dukani. Nayo utaijua ulimini.

Mnunuzi anayekuja Agosti anaona haya kwa macho yake. Anashika kipimo cha sukari, anakamua tone la zabibu juu ya kioo, anasoma namba. Anaonja juisi, anaonja mvinyo wa msimu uliopita kutoka shamba hilohilo, kisha anasema: tenki lile, liandikie jina langu. Biashara ya kiwanda kidogo inauzwa hivyo, kwa tenki.

Siku ya mgeni asiye mfanyabiashara

Wengine hawana haja na tenki. Wamekuja Dodoma kwa semina au kikao cha wizara, wana Jumamosi moja, na hadi sasa walichojua ni kununua chupa ya Dompo kuwapelekea wa nyumbani. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, wamezidi pia wale wanaotoka Dar kwa ajili ya matembezi tu. Safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula siku sasa ni kama saa nne.

Tunawachukua asubuhi kabla jua halijawa kali. Tunakwenda upande mmoja tu kwa siku, ama Hombolo, ama barabara ya Iringa kuelekea Mpunguzi, ama Makutupora na Veyula kwa barabara ya Kondoa. Anayetaka kuona vyote kwa siku moja tunamshauri apunguze, maana ataona vumbi zaidi ya zabibu. Shambani mtasalimiwa "Mbukwenyi", mtatembea kati ya mistari, mtaona matone ya umwagiliaji, na kama ni msimu mtavuna kidogo kwa mkasi. Mkulima ndiye mwenye neno, sisi tunatafsiri tu pale inapobidi. Kiwandani mtaonja vitatu au vinne: mweupe wa Chenin Blanc, mwekundu mkavu wa Syrah au wa Makutupora nyekundu (zabibu iliyochukua jina la kituo cha utafiti cha huku), na mwisho ule mtamu. Tunasisitiza mtamu uje mwisho. Mgeni akianza nao, mkavu wote unaofuata ataukunjia uso na kusema umechacha.

Tukiwa na muda tunapita Bihawana, kwenye misheni ya Kikatoliki ambako historia ya mizabibu ya Dodoma inaanzia. Wamisionari walihitaji divai ya misa, na kanuni za Kanisa zinataka itokane na zabibu halisi. Kiswahili kina maneno matatu kwa kitu kimoja: divai ya kanisani, mvinyo wa kwenye hotuba, na waini ya mezani. Wazee wa huku bado wanajua yupi ni yupi.

Chakula cha mchana, tunakwepa hoteli. Ikiwa ni Jumamosi tunamalizia mnadani Msalato, nyama ya mbuzi na chumvi, mvinyo mwekundu kwenye kikombe. Dereva wetu haonji. Asiyetumia kilevi anakaribishwa vilevile. Juisi ya zabibu iliyokamuliwa asubuhi hiyo ina wapenzi wake, na shamba ni shamba.

Ukinunua chupa, angalia stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA kwenye shingo. Isiyo nayo iache, hata kama mwenye nayo ni mtu mwema. Ukirudi Ulaya kwa ndege, msafiri mtu mzima anaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya na lita 4 za mvinyo wa kawaida bila ushuru, yaani chupa tano. Ziwekwe kwenye begi la kukabidhi, zimefungwa na nguo.

Kuna watu wanaona mambo haya ya matembezi ni mapambo, na biashara yenyewe ni usafirishaji. Stellenbosch, Afrika Kusini, haikuwa hivyo. Mwaka 1971 wenye mashamba watatu, Spatz Sperling wa Delheim, Frans Malan wa Simonsig na Niel Joubert wa Spier, waliunganisha milango yao kuwa njia moja ya wageni, wazo lililotokana na yale Malan aliyoyaona Burgundy, Ufaransa. Aliyeonja kwao ndiye aliyekwenda kuziulizia chupa zao kwao alikotoka.

Tulivyojifunza kwa hasara

Miaka ya mwanzo tulikuwa tunaunganisha tu: huyu hapa mwenye mvinyo, huyu hapa mnunuzi, elewaneni. Mnunuzi mmoja wa nchi jirani akapenda mvinyo mtamu wa kiwanda fulani, akachukua katoni 30, zikapandishwa basi. Njiani vizibo vikaanza kujisukuma. Alipofungua buti la basi, katoni tatu zilikuwa zimelowa na nyingine zinanuka hamira. Kilichotokea ni cha kawaida sana: mvinyo ulitiwa kwenye chupa ukiwa bado na sukari na hamira hai, haukuchujwa sawasawa, salfaiti, ile dawa ya kuhifadhi mvinyo, ilikuwa pungufu, na joto la buti likaiamsha hamira ikaendelea na kazi yake. Mtengenezaji alisema kosa ni la basi. Mnunuzi alisema kosa ni letu. Mnunuzi alikuwa na haki zaidi.

Leo hakuna mzigo unaotoka kwa mkono wetu bila karatasi ya maabara ya tenki husika: kilevi, sukari iliyobaki, asidi, salfaiti. Na kila tenki tunatoa chupa tatu za sampuli zenye lakiri na namba ya bachi. Moja inabaki kiwandani, moja kwetu, moja kwa mnunuzi. Mzigo ukifika na ladha tofauti, tunafungua tatu zote pamoja, mabishano yanaisha dakika kumi.

Joto tunalipigia kelele kila siku. Mvinyo uliokaa dirishani kwa duka au ndani ya gari lililoegeshwa juani unapikika, na hakuna anayemlaumu mwenye duka. Atalaumiwa mkulima wa Hombolo. Tunasafirisha usiku. Mnunuzi asiye na stoo yenye ubaridi hatumuuzii zaidi ya katoni kumi.

Kwa wanaochukua mzigo ndani ya Afrika Mashariki, karatasi kubwa ni cheti cha uasilia, kinachoonyesha bidhaa imetokana na nchi mwanachama ili isitozwe ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa na stempu za nchi unakopeleka vinabaki kuwa mzigo wako, na kwa Kenya usivifanyie hesabu ya haraka. Marekani lebo hupitishwa kwanza na TTB, idara ya serikali inayosimamia vileo, na anayeingiza lazima awe na kibali chake. Umoja wa Ulaya wanataka hati iitwayo VI 1 yenye uchambuzi wa maabara, na lebo iseme kama kuna salfaiti zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Ila kuna mlango mdogo wengi hawaujui: mzigo usiozidi lita 100, uliomo kwenye chupa zenye lebo na kizibo kisichoweza kutumika tena, husamehewa hati hiyo. Lita 100 ni katoni 11 za chupa 12, na inabaki lita moja ya kuonjea safari njema. Hicho ndicho kipimo tunachoshauri kwa anayeanza. Katoni 11, mikahawa miwili mitatu, uone chupa inarudi kuulizwa au hairudi.

Yule Mtanzania wa Ujerumani alikuja, Agosti iliyopita, amevaa viatu vyeupe ambavyo havikurudi vyeupe. Alipita viwanda viwili, akaondoka na chupa zake tano, akampelekea rafiki mwenye duka la vinywaji. Rafiki ameomba majibu ya maabara na katoni 11 za tenki namba 4, na anauliza kama mwaka huu tenki hilo litajazwa tena kutoka shamba lilelile. Tumempigia mzee mwenye shamba. Anasema bado hajapogolea, anasubiri mvua iishe.