Fremu iingie tanurini, tangi libaki nje

Wateja wengi wanaotuletea pikipiki za zamani hapa Nakuru huja na ombi moja: "Pigeni pauda kila kitu." Tunawaelewa. Wameona mageti na madirisha ya rangi ya pauda yakikaa miaka bila kubanduka, na barabara za kuelekea Molo au Subukia zina kokoto za kutosha kuchubua rangi ya sprei kabla hata hujamaliza kuwaonyesha marafiki. Ila jibu letu huwa nusu ndiyo, nusu hapana, na wapo wanaoondoka wakidhani tunakwepa kazi.

Pauda ni unga mkavu usiochanganywa na thina. Bunduki huupa unga chaji ya umeme, chuma nacho kinafungwa waya wa athi, basi chuma kinauvuta unga, nao unakishika hadi upande wa nyuma wa bomba. Kisha kinaingia tanurini, mara nyingi kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Hesabu ya dakika huanza chuma chenyewe kinapofika joto hilo. Joto la hewa ya tanuri si kipimo. Fremu nzito ya BSA, pikipiki ya zamani ya Kiingereza, hukawia kupata moto kuliko kipande cha dirisha, na fundi aliyezoea madirisha huitoa mapema. Itang'aa vizuri tu, lakini haijaiva, na jiwe la kwanza litaibandua kama ganda la yai.

Fremu, stendi, keria na mkono unaoshika gurudumu la nyuma: hivyo tunavipiga pauda bila ubishi. Safu yake huwa kati ya maikroni 60 na 100 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja), nayo inavumilia kokoto, matope na mateke ya buti. Tatizo ni kwamba unene huohuo unaokulinda ndio unaoleta kero wakati wa kuunga pikipiki. Vikombe vya beringi za usukani havitaingia mahali pake ikiwa ndani kumepakwa. Bolti zitagoma. Taa zitacheza kwa sababu waya wa athi umefungwa juu ya rangi, na pauda haipitishi umeme. Kwa hiyo sehemu hizo huzibwa kwa vizibo vya silikoni na tepu ya kuhimili joto kabla ya kupuliza. Pale injini inaposhikana na fremu pia tunaacha chuma kitupu, tukipaka grisi nyepesi tu. Rangi nene ikibanwa na bolti hubonyea polepole, na bolti iliyokazwa vizuri leo itakuwa imelegea ukifika Naivasha.

Namba ya fremu ndiyo tunayoiangalia kuliko yote. Kwenye pikipiki nyingi za zamani imegongwa kwa mkono, haikuingia sana, na baada ya kupigwa mchanga (kupulizwa mchanga kwa nguvu ili kung'oa rangi ya zamani) kisha pauda unaweza usiisome kabisa. Sisi tunaifunika wakati wa kupiga mchanga, tunaisafisha kwa brashi, halafu tunaipaka rangi ya kawaida, nyembamba. Askari wa barabarani hataki hadithi za maikroni, anataka namba ifanane na iliyo kwenye logibuku. Na kama unabadilisha rangi ya pikipiki, peleka mabadiliko hayo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pia.

Sasa tangi. Tangi lililoishi shambani miaka mingi lina historia chini ya rangi. Tukikwangua yale yanayoletwa hapa, mara kwa mara tunakuta puti imejazwa kwenye bonde karibu na goti la dereva, na chini yake, au pembeni ya mdomo wa petroli, kuna lehemu ya mafundi wa kale, mchanganyiko wa bati na risasi. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Liingize tanurini: puti itatoa mapovu na kupasuka, lehemu italegea, na tundu lililozibwa na babu wa mtu litafunguka upya. Hapo bado sijataja mvuke wa petroli unaojificha kwenye maungio hata baada ya tangi kuoshwa kwa sabuni na maji moto. Tanuri letu linatumia gesi.

Hata tangi likiwa zima kabisa, bado tungelipiga sprei. Mistari na nembo vinataka kukaa chini ya klia, yaani rangi ya juu inayoonyesha kilicho chini yake, na klia ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, inastahimili petroli inayomwagika wakati wa kujaza. Tena tangi likikwaruzwa, rangi ya sprei inarekebishika pale pale kwa msasa na polishi. Pauda ikichubuka sana, mara nyingi unaondoa yote na kuanza upya.

Kava za injini za alumini ya kusubu zina vitundu vidogo vinavyohifadhi oili. Tunazipasha moto zikiwa tupu kwanza ili oili na hewa vitoke, la sivyo vitatoka baadaye na kuacha matundu kwenye rangi. Injini iliyoungwa hatuipigi mchanga, hata ukitubembeleza. Chembe chache zikiingia ndani umekwisha.

Uliza pia ni unga gani unaotumika. Wa epoksi hushika chuma vizuri lakini jua huupausha na kuufanya uache vumbi jeupe kidoleni, na jua la Nakuru halina mzaha. Kwa vitu vya nje tunataka poliesta, au epoksi iwe praima na poliesta iwe juu.

Anayetaka pikipiki ya miaka ya 1950 iwe kama ilivyotoka kiwandani, huyo pauda haimfai hata kwenye fremu. Wakati huo fremu nyingi zilipakwa enameli na kuokwa, na macho yaliyozoea huona tofauti, kwa kuwa pauda hujaza kingo za chuma na kuzifanya butu.

Ukija, leta fremu ikiwa imevuliwa kila kitu: beringi, bushi za mpira, nyaya. Plastiki na mpira havitoki salama tanurini. Tangi limwagwe petroli na kukaushwa nyumbani, kifuniko kikiwa wazi, si hapa mlangoni kwetu karibu na mtu anayechomelea.