MC wa sinema za usiku asiwe DJ wa kutafsiri

Ndugu Mhariri,

Ukitaka kuandaa usiku wa filamu za kutisha zenye vichekesho hapa Arusha, mtu wa kwanza utakayeshauriwa kumpa maiki ni DJ wa kutafsiri, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kazi hiyo si yake, labda ayaache mazoea yake mlangoni.

DJ wa kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video wa mtaani, huongea filamu ikiwa inakwenda. Kwenye filamu ya mapigano haidhuru, ngumi haihitaji kimya. Kichekesho cha kutisha kinakihitaji: mlango unafunguka taratibu, ukumbi umebana pumzi, kisha kinatokea kitu cha kipuuzi na watu wanaangua kicheko. Ukiropoka katika zile sekunde tatu, hofu inayeyuka na kicheko hakiji.

Huko Marekani ulikozaliwa mtindo huu wa MC mwenye vituko kutambulisha filamu za kutisha, mwenyeji alikaa nje ya filamu. Maila Nurmi, aliyejiita Vampira, alianza mwaka 1954 kwenye televisheni ya Los Angeles. Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems ikaviuzia vituo furushi la filamu 52 za zamani, na miji mingi ikajitafutia kituko chake cha kuzitambulisha. Wapo walioongea juu ya filamu, kundi la kipindi cha televisheni cha Mystery Science Theater 3000 lililoanza Minnesota mwaka 1988, lakini baada ya msimu wa kwanza maneno yao yaliandikwa kabla na kupachikwa pale wahusika wanaponyamaza.

Chukua The Little Shop of Horrors ya Roger Corman ya mwaka 1960, ua linalokula watu ndani ya duka la maua. Marekani filamu hiyo haina tena hakimiliki. Hapa kwetu Bodi ya Filamu na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, waulizwe kabla tangazo halijabandikwa. Ina dakika 72 hivi. MC afungue kwa dakika tano, akatize mara tatu kwa dakika nne nne, afunge kwa tatu. Mkianza saa tatu na nusu, saa tano na dakika chache watu wanatafuta bodaboda.

Pa kukatiza pasikisiwe. Tazama filamu mapema ukiwa na daftari, andika dakika na sekunde ya kila tukio linaloishia kwenye kicheko, ukatize hapo kabla tukio jipya halijashika. Kusimamisha filamu mtu akiwa amejificha kabatini ni kuwadhulumu watazamaji. Televisheni zilifanya hivyo kwa sababu ya matangazo ya biashara, nyinyi mna kisingizio gani? Mkirudi, rudisheni nyuma sekunde kumi.

Kinachoharibu usiku mara nyingi ni sauti. Fundi hupandisha sauti kwenye mnong'ono, yowe likija linapasua spika na kuamsha mtaa. Apime kwa yowe kubwa kuliko yote na kuishia hapo. Minong'ono isaidiwe kwa kusogeza spika karibu na viti. MC asimame nyuma ya mstari wa spika, la sivyo maiki itapiga mluzi. Filamu inapokwenda, maiki ifungwe kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, maana MC akisahau kuizima, kicheko chake mwenyewe kitasikika kuliko filamu. Taa yake iwe ndogo, imwangaze kutokea chini ya kidevu, isimwage mwanga kwenye skrini.

Projekta ya balbu iwe na UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda. Umeme ukikatika ghafla feni husimama balbu ikiwa bado ya moto, na hapo ndipo balbu nyingi hufa. Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta. Na Juni na Julai fanyeni ndani. Baridi ya Arusha itawatoa watu uwanjani kabla ua halijala mtu wa pili.

Joho jeusi na meno ya plastiki ya nini, wakati tunaye mumiani wetu? Mumiani mstaafu anayelalamikia pensheni atachekesha kuliko hao wa kuagizwa. Ila ajue filamu yake. Yule mgonjwa kwenye filamu ya Corman anayefurahia kuumizwa meno ni Jack Nicholson akiwa kijana, na hilo MC alitaje baada ya tukio, siyo kabla.

Wapenzi wa sinema,
Kijenge, Arusha