Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Treni Yetu ya Ndoto na Mabehewa Yake

Ndugu wanachama, wazee wetu mliostaafu reli, na vijana mliojiunga mwaka huu, nawasalimu.

Mambo ya kawaida ya chama nitayapitia upesi. Mweka hazina ameshawagawia hesabu, na katibu anao muhtasari wa mikutano. Ada zimelipwa vizuri, ahsanteni. Tumempoteza mzee wetu mmoja, dereva wa enzi za mvuke, aliyekuwa akija mikutanoni na tochi yake ya kazini mfukoni. Mungu amlaze mahali pema. Nafasi iliyobaki naitumia kueleza kazi iliyotuchukua mwaka mzima: kupanga treni ya ndoto.

Mnakumbuka sharti tulilojiwekea. Treni iwe ya abiria, ya wakati reli ya Afrika Mashariki ilipokuwa moja, kabla ya 1977, na kila kichwa cha treni na kila behewa liwe liliwahi kuwapo kweli. Ruhusa yetu ya kubuni ni katika mpangilio na safari tu.

Safari ndiyo iliyopatikana kwanza, na bila ugomvi. Treni yetu inaondoka Nairobi jioni na kufika Kigoma bila abiria kubadilisha behewa. Vijana waliuliza kama jambo hilo liliwezekana. Liliwezekana. Njia yote ilikuwa ya upana wa mita moja: Nairobi hadi Voi, kisha Taveta na Kahe, kushuka kando ya milima ya Upare hadi Mruazi, na kutoka hapo kwa kiungo kilichokamilika 1963 hadi Ruvu, ambako unaishika Reli ya Kati. Wengi wetu tumezoea kuziona reli za Kenya na Tanzania kama vitu viwili visivyojuana, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka tulipoitandaza ramani mezani na mzee mmoja akaipitisha kidole chake toka mwanzo hadi mwisho bila kukinyanyua.

Ugomvi ulianza kwenye kichwa. Karibu kila mtu alitaka Garratt ya daraja la 59, yaani kichwa kirefu cha mvuke ambacho bwela lake hukaa katikati ya seti mbili za magurudumu, na siwalaumu. Zilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956, zenye uzito wa tani 250 hivi, na hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja kilichozidi nguvu zao. Ziliweza kuvuta tani 1,200 kwenye kilima cha kutoka Mombasa kuja Nairobi. Lakini ekseli yake moja inabeba tani 21 hivi, na reli nyepesi za upande wa Tanzania zisingeweza kuistahimili. Kwa hiyo kamati iliamua, nami naiunga mkono kamati: kichwa cha 59 kinaishia Voi. Pale tunafunga kichwa cha daraja la 30, chepesi zaidi, chenye tenda kubwa, yaani gari la maji na mafuta linalofungwa nyuma ya kichwa, kwa ajili ya sehemu kame.

Tulipokwenda Makumbusho ya Reli Nairobi tulivisogelea vyote viwili. 5930 imeandikwa ubavuni Mount Shengena, na Shengena ni kilele cha Upare, juu ya Same. Treni yetu itapita chini ya mlima huo huo, lakini kichwa chenye jina lake kitakuwa kimebaki Voi. Niliwaona wanachama wawili wa kutoka Same wameweka viganja kwenye bamba la jina na hawakusema kitu kwa muda. Na kichwa cha daraja la 30 kilichohifadhiwa pale, namba 3020, kinaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Huyo Mnyaturu tunamrudisha kwao.

Kijana mmoja alipendekeza tuongeze behewa namba 12, lile ambalo simba alimtoa ndani yake Ryall, afisa wa polisi, pale Kima mwaka 1900. Tulikataa. Mtu alifia mle, na mahali pake ni makumbusho.

Sasa mabehewa, na hapa naomba mnivumilie. Orodha za kwanza zilizoletwa na wanachama zilikuwa na daraja la kwanza tupu: vyumba vya vitanda viwili, beseni la kunawia lenye kifuniko kinachogeuka meza, feni ndogo juu ya mlango. Vitu vizuri, nami navipenda. Lakini hata orodha moja haikuwa na daraja la tatu. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba ndoto haina haja ya mbao ngumu.

Niliwaambia, na nawaambia tena hapa, kwamba wazazi wetu walisafiri kwenye mbao hizo. Wakati wa ukoloni la kwanza lilikuwa la Mzungu, la pili la Mhindi, la tatu la Mwafrika. Tukilifuta daraja la tatu kwa sababu lina aibu, tutakuwa tumewashusha kwenye treni wale waliolijaza. Baada ya mikutano miwili tumekubaliana: mabehewa matatu ya daraja la tatu, mawili ya daraja la pili yenye vyumba vya vitanda sita, moja la daraja la kwanza.

Fundi wetu seremala ametengeneza mfano wa behewa la daraja la tatu kwa mninga, nanyi mmeuona pale mlangoni. Mtazame chini ya viti. Ameacha nafasi ya kutosha kusukumia kikapu na ndoo, kwa sababu anajua watu wetu husafiri na nini. Dirisha lake linashuka mpaka nusu. Nilimwuliza, akanijibu kwamba lisiposhuka, abiria atapita kituo cha Saranda, kwenye Reli ya Kati, bila kununua kuku. Ni kweli kabisa. Dirisha la treni ya ndoto lazima lipitishe sahani ya kuku na mkono wa mama anayerudisha chenji.

Kuhusu mpangilio: nyuma ya kichwa tumeweka behewa la mizigo na posta. Vichwa hivi vilitumia mafuta mazito, na kila baada ya muda hutupiwa mchanga kwenye tanuru ili mabomba yasafishike. Hapo ndipo moshi mweusi hutoka kama wingu. Sikutaka daraja la tatu liwe la kwanza kuupokea. Behewa la mgahawa linakaa katikati, daraja la tatu upande mmoja na madaraja mengine upande wa pili, na milango yake yote miwili iko wazi kwa wote. Mhudumu atapita na marimba yake madogo ya mkononi kuita watu kwenye chakula, kama ilivyokuwa, ila safari hii ayapige hadi behewa la mwisho la daraja la tatu. Gadi yuko mkiani. Jumla mabehewa tisa, yote rangi ya damu ya mzee.

Lipo jambo lililonisikitisha. Mwezi wa Septemba tuliomba kuona behewa la zamani la mgahawa lililokuwa limeegeshwa kwenye yadi moja. Tulipofika tulikuta magurudumu na fremu tu. Lilikuwa limekatwa kuwa chuma chakavu. Kwenye majani niliokota kulabu moja ya shaba ya kutundikia koti, nayo iko kwenye sanduku la katibu, imefungwa kwa kitambaa. Naomba mkisikia behewa lolote linakaribia kukatwa, mtujulishe siku hiyo hiyo. Tukishindwa kuliokoa, tuwahi walau kulipima na kulipiga picha.

Mambo mawili yanasubiri kura yenu leo. La kwanza ni kama treni ilale Tabora kwa saa chache au iendelee Kigoma moja kwa moja. La pili ni vipimo vya kiti cha daraja la tatu: fundi amekisia kina cha ubao, na wazee watatu wamemwambia ni kifupi mno. Mwenye picha ya zamani inayoonyesha ndani ya behewa hilo, hata ikiwa ni ya harusi au ya safari ya shule, aje nayo mezani baada ya chai.