Shoga yangu, hiyo karatasi usisaini kwanza

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Najua uko eda na simu zimekuchosha, ndo nikaona bora nikuandikie usome polepole usiku watoto wakishalala. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, na lile lori lililomgonga na pikipiki yake bado liko machoni mwangu. Mie hata sasa nikipita Mtwapa nikiona karakana yake imefungwa natazama upande wa pili.

Mwanao kanambia jana kuna mtu alikuja hapo na karatasi ya bima ya lile lori, laki nne, ati ukisaini pesa zinatoka wiki hii hii, na wewe kalamu ulishaishika kwa sababu kodi na skuli vyote vimekukalia shingoni. Wallahi nilipoteza usingizi. Usisaini shoga. Ukisaini umeshasema nimelipwa, sidai tena, na kuja kuifufua hiyo kesi baadaye ni mtihani mkubwa. Yule mtu si lazima awe mbaya lakini haraka yake si yako, wewe sheria inakupa miaka 3 tangu siku aliyofariki kufungua kesi.

Haya nayajua kwa sababu ya kakangu, unaikumbuka ile ajali ya Mariakani. Siku ya kwanza kortini mie nilidhani hakimu atauliza tulivyompenda, tulivyolia. Hakuna. Aliulizwa mamangu, marehemu alikuwa akipata ngapi kwa mwezi na wewe alikuwa akikupa ngapi. Mama akabaki kusema "alikuwa akinipa tu, hakuninyima kitu". Maskini alisema kweli yake lakini hiyo kweli haikuwa na namba ndani.

Sasa hesabu yenyewe inakwenda hivi, chukua karatasi uandike. Wanachukua mapato ya mwezi yakishatolewa makato, wanazidisha mara 12 kupata mwaka, kisha wanazidisha kwa miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi. Hiyo miaka hawakupi yote mpaka uzeeni, hakimu huipunguza kwa sababu mtu angeweza kuugua au kazi ikafa, na pia pesa unapewa kwa mkupuo. Halafu wanachukua lile fungu alilokuwa akilitumia kwa familia, na kwa mwanamume mwenye mke na watoto mara nyingi ni thuluthi mbili, ile moja wanasema ni matumizi yake mwenyewe. Kwa hiyo tuseme mwenzio alikuwa akibaki na 30,000 kwa mwezi, ana miaka 38, hakimu akampa miaka 18, hapo 30,000 mara 12 mara 18 kisha thuluthi mbili ni 4,320,000. Rudi sasa utazame hiyo laki nne.

Lakini hiyo 30,000 lazima uionyeshe, na hapa ndipo familia nyingi zinapopigwa. Usipoionyesha hakimu anaweza kushika mshahara wa chini wa serikali, na fundi asiye na cheti anaweza kuhesabiwa kama kibarua tu, ikishuka ikawa 15,000 basi ile jumla yote inakatika nusu, 2,160,000. Au anaacha kuzidisha kabisa anakadiria fungu moja tu. Watakwambia mwenzio hakuwa na payslipu kwa hiyo hana ushahidi, usikubali hilo, Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005 kwamba karatasi sio njia pekee ya kuthibitisha kipato, kwa sababu Wakenya wengi wanajitafutia riziki bila kuweka rekodi na ingekuwa dhulma kuwanyima. Sasa wewe unazo hata hizo rekodi! Lile daftari lake la oda za vitanda, risiti za mbao, zile M-Pesa za wateja, na yule kijana aliyekuwa akifanya naye kazi aje aseme. Zifiche vizuri mvua isizinyeshee.

Ya kakangu ilienda kwa mshahara wa chini, tena thuluthi moja kwa sababu hakuwa na mke. Alikuwa akiuza mitumba Kongowea na daftari lake tulilitupa wenyewe siku ya kusafisha chumba. Na mie niliyesomeshwa naye sikuhesabiwa, sheria inatambua mke au mume, watoto na wazazi, ndugu hatumo. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Ndo maana nakwambia mkweo naye yumo, ni mzazi. Msigombane. Akitajwa kwenye kesi tangu mwanzo ni heri kuliko aje baadaye na wakili wake, na fungu la watoto korti hulitenga mpaka wakue.

Kuna vitu vingine vidogo vidogo, mazishi, maumivu aliyopata kabla kufariki (aliyefia papo hapo hupewa kidogo sana, aliyelala hospitali siku kadhaa zaidi), na kukatwa kwa umri wake, hiyo mara nyingi inazunguka laki moja. Ila uti wa mgongo ni yale mapato.

Usishangae wakisema pikipiki nayo ilikuwa na makosa, hakimu anaweza kugawa lawama, lori 80 yeye 20, na ile 20 inakatwa kwenye pesa. Kwa hiyo jina na namba ya yule muuza madafu aliyeona lori likikata kona liandike leo kabla hajahama. Na kampuni ya bima kwa mtu mmoja mwisho wake ni milioni 3 kisheria, inayozidi ni ya mwenye lori mwenyewe, ndo maana wakili atafute jina lake mapema kwa NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari. Tena umuulize hivi hivi kwa mdomo wako, notisi ya bima, ile barua ya kuwajulisha kuhusu kesi, umepeleka? Inatakiwa kabla ya kesi au ndani ya siku 14 baada ya kuifungua, ikikosekana bima inapata mwanya wa kukataa kulipa hata ukishinda.

Jumamosi nakuja asubuhi na mamangu, naleta mahamri na mbaazi. Wewe usitoke. Mie ndo ntaenda na mkweo kwa chifu kuchukua barua, maana bila hiyo korti haikupi ile ruhusa ya kusimamia kesi ya marehemu, mawakili wanaiita ad litem, na polisi ntapitia niulize abstrakti, ile karatasi yao ya kuthibitisha ajali, kama imetoka. Huyo mtu wa laki nne akirudi kabla ya hapo mwambie uko eda, aache namba kwa mwanao.

Nibusie wadogo.

Shogako wa Kisauni